Doa la Mawese kwenye Viatu vya Melkiori

Mteja akikuletea kiatu chenye doa, usianze na doa. Muulize viatu vinakwenda wapi, na vinaondoka lini. Akishakujibu ndipo ukichukue kiatu, ukigeuze kwenye mwanga, uulize na habari za doa: ni la nini, lina siku ngapi, na nani ameshalisugua kabla yako. Ninyi vijana mnaokuja kwangu kujifunza, karibu wote mnaanza na doa. Siwalaumu. Mimi nilianza na doa kwa zaidi ya miaka thelathini, na watu wakanisifu. Swali la safari nimelijua mwishoni, nikiwa nakaribia kufunga sanduku.

Mimi ni Jervasi. Nilianza kusafisha viatu Kibondo, nikahamia Kasulu, nikakaa kwenye kibaraza cha duka la vipuri vya baiskeli karibu na stendi mpaka mgongo ulipokataa. Siku za gulio nilipakia sanduku kwenye gari linalokwenda Makere, nikatandika gunia langu pale wanapouzia ndala na mitumba. Watu waliniuliza, "Mzee, kusafisha viatu nako kuna elimu? Si maji na sabuni tu?" Nawaambieni, kila aliyewahi kuharibu kiatu kizuri alianza na maneno hayohayo.

Chukueni udongo wetu. Huku milimani udongo ni mwekundu na unang'ang'ania. Mgeni akikanyaga tope anakimbilia kufuta palepale, na kwa kufuta anaupeleka ndani zaidi. Tope acha likauke. Likikauka, gonganisha soli kwa soli, piga brashi kavu, halafu ndipo uguse kwa kitambaa chenye unyevu. Nusu ya kazi hii ni kungoja. Hilo ndilo nililolijua vizuri kuliko yote, na ndilo lililoniponza.

Zamani sikuwa mtu wa kungoja. Mwaka wangu wa kwanza Kibondo, bwana shamba mmoja kutoka Dodoma alinyeshewa njiani, akaniachia viatu vyake vya ngozi vimelowa chapachapa. Nikavisogeza kwenye jiko la mkaa ili vikauke upesi. Jioni ngozi ilikuwa imekakamaa na kupasuka pasuka. Akavishika, akavigongesha kimoja kwa kingine, vikalia ko, ko.

"Fundi," akasema, "nilikuletea viatu. Haya maganda umeyatoa wapi?"

Hakunipiga wala hakunitukana. Lakini mpaka alipohamishwa, kila alipopita na viatu vipya alisimama mbali kidogo na kuuliza, "Jiko lako liko wapi leo?" Ndiyo maana mimi kiatu kilicholowa nakijaza magazeti ndani na kukiweka kivulini penye upepo, nabadilisha magazeti asubuhi na jioni, hata kama ni siku tatu. Ngozi ilikuwa ya mnyama. Ukiikausha kwa moto inajibu kama nyama.

Raba nyeupe nazo zina ujanja wake. Wengi wanaziosha vizuri, wanazianika, zikikauka zina mistari ya njano. Si uchafu, ni sabuni iliyobaki kwenye kitambaa. Suuza mara tatu, halafu izungushie raba yote karatasi nyeupe za chooni, ibane kama mtoto aliyefungwa kanga, ndipo uianike. Njano itapanda kwenye karatasi na raba itabaki nyeupe. Mara ya kwanza kufanya hivyo kibarazani watu walidhani nimeanza kutibu majeraha.

Wino ni habari nyingine. Kulikuwa na mwalimu kutoka Tanga, Mwalimu Mwanahamisi, aliyepangiwa shule moja ya pale mjini. Alikuwa na viatu vya ngozi rangi ya maziwa, na kila muhula peni nyekundu ilimvujia juu yake.

"Mwalimu," nikamwambia, "hao wanafunzi wako wanakosa sana. Wino wote huu?"

"Wewe safisha, Mzee Jervasi. Wangekuwa wanapata vema tu, wewe ungekula nini?"

Wino unataka spiriti na pamba. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, ndani ya ulimi wa kiatu, uone kama rangi ya ngozi yenyewe haiondoki. Kisha gusa, inua. Gusa, inua, ukigeuza pamba kila mara. Ukisugua, doa dogo kama punje linakuwa kubwa kama sahani. Lami nayo, walipoanza kutengeneza barabara, ilinishangaza: haitoki kwa sabuni, inatoka kwa mafuta ya kupikia. Paka, ngoja ilainike, futa, ndipo ulete sabuni kuondoa mafuta. Ila utomvu wa ndizi ukishakauka kwenye kitambaa na kuwa wa kahawia, usimdanganye mtu. Mwambie, "Huu umehamia, hauhami tena," umshauri avipake rangi nyeusi. Fundi anayeahidi kila kitu hana siku nyingi sokoni.

Mpaka hapo nilikuwa fundi. Swedi sikuijua. Swedi ni ile ngozi yenye manyoya mafupi, laini kama shavu la mtoto, na haitaki maji, haitaki dawa ya viatu, haitaki haraka. Kwa miaka mingi nikiletewa kiatu cha swedi nilisema nina kazi nyingi. Aliyeniondolea woga huo ni Melkiori.

Melkiori alikuwa Mrundi, mkimbizi, mwembamba, mwenye vidole virefu. Aliishi kambini na mkewe, Mama Nestori, na watoto wao, na siku za gulio alikuja Makere kushona viatu vilivyoachia. Tulikaa gunia kwa gunia. Kiha changu na Kirundi chake ni kama ndugu wa tumbo moja, basi tulikuwa tukianza sentensi kwa Kiswahili tunaimalizia kwa lugha za nyumbani. Siku moja aliniona namrudisha mteja aliyeleta buti za swedi.

"Mugenzi wanje," akaniambia, yaani rafiki yangu, "unamfukuza mtu kwa sababu ya vumbi?"

"Hiyo ngozi inanikataa."

"Haikukatai. Unaiendea kama unadai. Iendee kama unabisha hodi."

Akamwita yule mteja arudi. Akachukua mswaki laini, akapiga manyoya upande mmoja tu, kama unavyochana nywele. Palipolala manyoya akapashika juu ya mvuke wa birika la mama wa chai, akahesabu kumi, akapiga mswaki tena, yakasimama. Palipokuwa na weusi akafuta kwa kipande cha mpira mkavu, kama mwanafunzi anavyofuta penseli. Hakutumia tone la maji. Mimi nilikuwa na miaka karibu sitini, na nilikaa pale mdomo wazi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alinifundisha mwaka mzima. Kila nilipotaka kukazana alinipiga kofi dogo la mkono. "Swedi haiharakishwi, Jervasi. Ukiharakisha, unafanya doa la pili." Maneno hayo niliyashika. Niliyashika kweli.

Alikuwa na jozi yake mwenyewe ya swedi, ya kahawia, aliyonunua Bujumbura kwa ajili ya harusi yake. Vita vilipofika kwao hawakuwa wamemaliza hata mwaka katika ndoa. Walikimbia kwa miguu, wakavuka mabonde yenye maji mpaka kifuani. Mama Nestori alipenda kusimulia habari hiyo mbele yake ili amchome.

"Watu wamebeba unga, wamebeba wazee wao. Mimi nimebeba sufuria kichwani. Namtazama mume wangu, mwanamume mzima, amebeba nini? Viatu! Ameviinua juu hivi, kama padri na Injili."

"Visingelowa?" Melkiori akauliza.

"Tungekula viatu?"

"Hatukuvila, na bado tupo. Na viatu bado vipo."

Alivivaa Krismasi, Pasaka na ubatizo wa watoto tu. Siku nyingine vilikaa kwenye mfuko, kavu, juu ya dari ya nyasi. Aliniambia sababu siku moja wakati mkewe hayupo. "Nilitoka kwetu nimevishika mkononi. Siku ya kurudi nitaingia kwa baba yangu nimevivaa miguuni. Sitaki waseme, tazama, kimbizi kimerudi." Baba yake alikuwa ameshafariki, lakini boma lilikuwepo, na mdogo wake ndiye aliyekuwa akiishi humo na kulima mashamba yote. Kwa watu wetu, mtu aliyepotea miaka mingi akirudi, hutazamwa pale anapoingia uani. Watakavyomwona hapo ndivyo watakavyomhesabu. Melkiori alilijua hilo, nami nililijua.

Mwaka 2012 ukawa mwaka wa kurudi. Kambi yao ilikuwa inafungwa, malori yalikuwa yanakuja, na watu waliondoka kwa zamu, sehemu hii leo, sehemu ile kesho kutwa. Mwezi wa kumi na moja, siku ya gulio, Melkiori alikuja Makere bila sanduku. Alikuwa ameshagawa vifaa vyake. Mkononi alikuwa na ule mfuko.

"Yampaye inka!" alisema, kama Warundi wanavyosema jambo likiwazidi. "Tazama alichonifanyia mama wa watoto."

Mama Nestori alikuwa akihamisha mawese kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa za safari. Dumu likateleza. Mawese yakaruka na kutua kwenye kiatu cha kulia, juu ya vidole, doa jekundu pana kama kiganja cha mtoto.

"Si wewe ndiye mwalimu?" nikamwambia. "Litoe."

"Kinyozi hajinyoi. Na vifaa sina, na kibanda kinavuja kila kona. Kwako kuna rafu kavu. Nitolee, Jervasi. Wewe mkono wako sasa ni mkono wangu."

Nilijisikia mkubwa siku ile. Nikavipokea, nikamweleza nitakavyofanya, naye akaitikia kila hatua, "Ego, ego," yaani ndiyo, kama mwalimu anayesahihisha.

Sikilizeni namna yake, maana mawese huku hayakwepeki. Doa la mawese lina vitu viwili, mafuta na rangi, na kila kimoja kina dawa yake. Mafuta yanataka unga wa muhogo mkavu kabisa. Mwaga juu ya doa, bonyeza kidogo kwa kidole, acha usiku na mchana. Unga utageuka rangi ya chungwa. Hapo mafuta yanapanda. Upige mswaki utoke, mwaga mwingine. Rudia mpaka unga ubaki mweupe. Ndipo uishughulikie rangi, na rangi ya mawese adui yake ni jua. Jaza kiatu magazeti, kiweke kwenye jua la asubuhi mpaka kama saa nne, kisha kitoe, kwa sababu jua la mchana litaikausha ngozi. Siku nne au tano za jua la asubuhi, wekundu wote unakufa.

Unga ulifanya kazi yake vizuri. Lakini ule ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na mwezi wa kumi na moja Kasulu jua halina ratiba. Kulipokucha, mawingu. Yakitawanyika, ni mchana. Gulio lililofuata doa lilikuwa bado, limepauka lakini lipo, kivuli cha chungwa juu ya vidole. Nilikwenda Makere bila viatu.

Melkiori alikuja mapema, amevaa ndala, suruali imerukiwa na matope hadi magotini.

"Viko wapi?"

"Bado. Mafuta yametoka, rangi inangoja jua."

"Limebaki kiasi gani?"

"Kidogo. Lakini linaonekana."

"Basi yatosha, mugenzi. Tunaweza kuondoka wakati wowote. Likibaki kidogo si neno, nitatembea upesi, nani ataliona?"

"Mdogo wako ataliona," nikasema. Nikacheka. "Hapana, Melkiori. Nipe wiki moja. Siku nne za jua tu. Wataka uingie kwa baba yako na alama ya chungwa kama mtu aliyekanyaga chungu cha maharage?"

"Jervasi, nipe viatu vyangu. Nikakufuate Kasulu leo?"

Nami nikamwambia, na maneno haya nimeyasikia tangu wakati ule hadi leo, "Nani alinifundisha kwamba swedi haiharakishwi?"

Alinitazama. Kisha akacheka, akatikisa kichwa, akanipiga kofi lile dogo la mkono. "Umenishinda kwa fimbo yangu," akasema. "Haya. Wiki moja." Akaenda zake na ndala zake, akiruka madimbwi.

Wanangu, mngoje kiatu kikauke. Mngoje mafuta yapande. Lakini kuna kungoja kwa kazi, na kuna kungoja kwa sifa. Doa lililobaki lilikuwa dogo. Mtu mwenyewe alisema linatosha. Niliyetaka litoke lote ni mimi, ili alipofika kwao aseme, tazameni kazi ya mwanafunzi wangu. Nilimzuilia mtu viatu vyake kwa ajili ya sifa yangu, nikaita uvumilivu.

Gulio la tatu nilikwenda na viatu vimefungwa kwenye gazeti. Nilikuwa nimepata asubuhi mbili za jua, doa lilikuwa halionekani mpaka uelekezwe. Mahali pake palikuwa na mama anauza dagaa.

"Mama, yule fundi Mrundi amefika leo?"

"Wale wa upande wao wameondoka juzi, babu. Malori matatu."

Nilikwenda kila mahali nilipojua. Namba ya simu hakuwa nayo. Madereva niliowaona waliniambia hawajui nani alishukia wapi. Nilisimama kando ya njia, nimekumbatia gazeti lile, mpaka gari la mwisho la Kasulu lilipopiga honi.

Viatu nikaviweka kwenye rafu. Vikikaa vinataka matunzo. Swedi inaliwa na wadudu na panya. Niliviwekea majani makavu ya tumbaku niliyoletewa kutoka Kibondo, maana mdudu hapendi harufu ile. Kila mwezi nilivipiga mswaki. Kiangazi kilipoanza, Juni 2013, nikavitoa kwenye jua la asubuhi siku nne mfululizo. Doa likatoka lote. Nilikigeuza kile cha kulia huku na huku sikupaona lilipokuwa. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Watu walivitamani. "Mzee, hivi vinauzwa?"

"Vina mwenyewe."

Mwalimu Mwanahamisi alikuwa akinitania kila alipoviona. "Mwenyewe gani huyu asiyekuja miaka miwili? Au miguu yake imebadilika?"

"Atakuja."

"Na wewe utakuwa umezikwa navyo, Mzee Jervasi."

Nilicheka naye. Moyoni nilikuwa nikipiga hesabu ya njia: atatumwa mtu, atapatikana mfanyabiashara anayevuka mpaka. Mungu anisamehe, mwaka 2015 tuliposikia kwamba Burundi kumechafuka tena na watu wanavuka kwa maelfu, kitu cha kwanza nilichofikiri hakikuwa njaa yao wala watoto wao. Nilifikiri, sasa Melkiori atakuja.

Kila gulio nikawa nakwenda Makere na ule mfuko. Niliuliza kila Mrundi niliyemwona. Ikapita miezi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikarudi, na siku moja, nikiwa nimejikunja chini ya nailoni, nikasikia mwanamke anasema juu yangu, "Na yule mama wa chai, na birika lake, alihamia wapi?"

Alikuwa Mama Nestori. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi, miguuni ana yeboyebo za plastiki zisizofanana, moja ya bluu na moja ya kijani. Nilisimama kwa haraka mpaka mgongo ukalia. Nikamshika mikono yote miwili. Nikatazama nyuma yake.

"Usimtafute," akasema. "Hakuja."

Nilimkalisha kwenye kiti cha wateja. Akanisimulia bila kulia, akitazama watu wanavyopita. Melkiori alifariki mwaka 2014, homa ya siku tano. Lakini alianza na siku waliyofika.

"Alishuka kwenye lori na ndala. Moja ilikuwa imekatika njiani ameifunga kwa kamba. Mdogo wake alikuja kutupokea. Unajua alitazama nini kwanza? Miguu. Alitazama miguu kabla ya uso. Halafu akasema, 'Kaka, miaka yote hiyo Tanzania, hata viatu?'"

"Akajibu nini?"

"Alijibu ukweli. Akasema, 'Viatu vyangu viko kwa fundi, Kasulu.' Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Walisema, kila anayerudi ana kitu amekiacha huko, huyu nyumba, huyu ng'ombe, huyu viatu. Basi wakampa jina. Bwana Viko-kwa-Fundi. Hata watoto walimwita hivyo. Walitupatia kipande cha ardhi cha kando, kwenye mawe. Alipoomba sehemu ya shamba la baba yake, wazee walikuwa wanacheka kabla hajamaliza kusema."

Mvua ilikuwa inapiga nailoni.

"Siku ya kumzika," akaendelea, "mdogo wake alileta viatu vyake vya mpira tumvalishe. Nikakataa. Nikasema, mume wangu ana viatu. Tulimzika na soksi."

Nilichukua mfuko, nikaitoa ile jozi, nikaiweka juu ya magoti yake. Alikitazama kile cha kulia kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye ncha ya kiatu, mahali palepale. Akakigeuza kwenye mwanga, kama tunavyofanya sisi.

"Limetoka," akasema.

"Limetoka. Mama Nestori, aliniomba nimpe vikiwa na doa. Nilimkatalia. Kosa ni langu. Nisamehe."

Alikirudisha kiatu magotini. Kisha akatabasamu kidogo, tabasamu lile la zamani la kumchoma mumewe.

"Hakukukasirikia hata siku moja. Nilikuwa nikikulaani mimi, yeye ananikataza. Alikuwa anasema, 'Mwache Jervasi. Nilimfundisha vizuri mno.'"

Akainama. Akavua yeboyebo ya bluu, akavua ya kijani, akazigonganisha matope yadondoke, akazitia kwenye mfuko. Akapangusa miguu kwa upindo wa kitenge. Akaingiza mguu mmoja kwenye swedi, kisha wa pili. Vilikuwa vikubwa kwake. Nilikunja vipande vya gazeti nikamtilia puani mwa viatu, nikakaza kamba, mafundo mawili kila upande.

"Vinabana?"

"Havibani. Mara ile alivibeba yeye, mimi nikabeba sufuria. Safari hii sikuweza kubeba kitu." Akasimama, akajaribu hatua mbili. "Nestori yuko kwenye foleni ya mgao wa maharage. Ngoja nirudi kabla hajapitwa."

"Mvua hii, Mama Nestori..."

"Nimeiona."

Akatoka chini ya nailoni. Njia ya kurudi kwenye kambi walikopokewa safari hii ilikuwa tope tupu, jekundu, linalovuta mguu. Miaka mitatu nilikuwa nimevikinga viatu vile na vumbi, na panya, na jua la mchana. Hatua ya kwanza tope lilipanda mpaka kwenye kamba. Ya pili likapita. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka nimwite nimwambie swedi haitaki maji, avivue, avishike mkononi. Niliufunga.

Alitembea polepole, akiinua miguu juu kwa sababu ya ukubwa wa viatu, mpaka akapotea nyuma ya magari ya mihogo. Nikaona nimeshika mswaki, sijui niliuchukua saa ngapi. Nikaurudisha kwenye sanduku.